Kompyuta ya Kikundi Ikizeeka, Je, Tuitupe?

Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta. Pengine ni ya mitumba iliyonunuliwa mjini, pengine ni ya kupewa na ofisi fulani ilipobadilisha zake. Katibu huandikia barua na kumbukumbu za mkutano, mweka hazina huwekea hesabu za hisa na mikopo. Kazi inaendelea vizuri. Halafu siku moja maandishi yanatokea kwenye skrini yakisema kwamba Windows 10 haitunzwi tena, na kwamba kompyuta hiyo haiwezi kupokea Windows 11. Fundi akiitwa anasema, "Hii imepitwa na wakati. Nunueni nyingine."

Kabla hamjatoa pesa za kikundi, hebu tuelewane. Mara nyingi kompyuta yenyewe si mbovu. Kilichofika mwisho ni programu iliyo ndani yake, na programu hubadilishwa. Ziko programu ambazo kikundi kinaweza kuzipata bila kulipa hata shilingi moja ya leseni, tena bila kuvunja sheria. Huitwa programu huria. Katika makala haya tutaeleza ni nini, zina faida gani, zina taabu gani, na jinsi ya kuzijaribu bila kuhatarisha daftari la kikundi.

Ni nini kilichotokea?

Windows ni mfumo endeshi. Maana yake ni ile programu kubwa inayoamka kwanza mkiwasha kompyuta, na ndiyo inayosimamia nyingine zote. Inapokea mnachoandika, inahifadhi faili kwenye diski, inaongea na printa. Bila mfumo endeshi kompyuta ni sanduku tu.

Windows 10 ilitoka mwaka wa 2015. Kampuni ya Microsoft ya Marekani iliitunza kwa miaka kumi, kisha tarehe 14 Oktoba 2025 ikaacha. Kuacha huko hakumaanishi kwamba kompyuta zilizimika siku hiyo. Zinawaka kama kawaida. Lakini katika programu yoyote watu hugundua matundu kila mara, na wezi hupitia humo kuiba neno la siri au kufunga faili ili wadai pesa. Zamani Microsoft ilikuwa ikiziba matundu hayo kila mwezi. Baada ya tarehe hiyo, Windows 10 ya kawaida haizibwi tena.

Basi kwa nini tusiweke Windows 11 kwenye kompyuta ile ile? Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti makali. Inataka kompyuta iwe na chombo kidogo cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Tena inataka prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, kwa jumla ni zile za kizazi cha 8 na kuendelea, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2017. Kompyuta ya mwaka wa 2014 au 2015 inaweza kuwa na nguvu ya kutosha kwa barua na hesabu, lakini mlangoni inakataliwa.

Njia zilizopo

Kikundi kilicho katika hali hiyo kina njia tano.

1. Kununua kompyuta nyingine inayokubali Windows 11. Kama pesa zipo na kazi inadai hivyo, si vibaya.

2. Kuongezewa muda. Microsoft ilitangaza huduma ya ziada ya kuziba matundu kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft. Huku ni kuahirisha tu.

3. Kunyamaza na kuendelea kama zamani. Ikiwa kompyuta haiunganishwi kamwe na intaneti, hatari ni ndogo zaidi. Lakini ni kikundi gani siku hizi hakitumi barua pepe? Na hata fleshi inayotoka kwenye duka la kompyuta huleta virusi.

4. Kuwekewa kopi ya magendo. Fundi hulipwa kidogo na kazi inakwisha kwa saa moja. Hapa tuseme wazi: kwanza ni kuvunja sheria, na pili hamjui aliyeifungua hiyo kopi aliweka nini ndani. Kompyuta yenye hesabu za wanachama arobaini si mahali pa kubahatisha.

5. Kubadilisha mfumo endeshi na kuweka ulio huria. Hii ndiyo njia ambayo wengi hawajaelezwa.

Programu huria ni nini?

Mkulima anajua mbegu za namna mbili. Iko mahindi ya dukani ambayo kila msimu lazima ununue upya, kwa sababu ukipanda ulizovuna, mazao hupungua. Na iko maharagwe ya nyumbani: unavuna, unachagua yaliyo bora, unaweka kibuyuni, unampa jirani kidogo, na msimu ujao unapanda bila kumwomba mtu ruhusa.

Programu za leseni zinafanana na zile za kwanza. Hata ukizilipia, huruhusiwi kumpa jirani, wala huruhusiwi kutazama zilivyoandikwa ndani. Mwenyewe akiamua kuacha kuzitunza, umebaki hapo. Programu huria ni kama maharagwe ya nyumbani. Leseni yake inakupa ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kutazama ilivyoandikwa, kuirekebisha, na kumgawia mwingine kopi.

Jambo hili si la jana. Mwaka wa 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kuandika mfumo mzima ulio huria, akauita GNU. Mwaka wa 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, aliandika kiini cha mfumo endeshi na kuwaalika wengine wakitazame. Kiini hicho kiliitwa Linux. Vitu hivyo viwili viliunganishwa, na tangu hapo maelfu ya watu wamechangia, kila mmoja kipande chake, kama watu wa harambee.

Mzee mmoja atauliza, "Kitu cha bure, nyuma yake kuna nini?" Swali ni zuri. Wengine wanaoandika Linux ni wa kujitolea, lakini wengi wameajiriwa na makampuni makubwa kama Intel, Google na Red Hat, ambayo yenyewe hutegemea Linux katika biashara zao. Yanaona ni nafuu kujenga barabara moja ya wote kuliko kila mmoja kuchimba yake. Tena Linux si ngeni kwenu kama mnavyodhani. Kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa mwanachama ina kiini cha Linux ndani yake.

Ipi inafaa kompyuta kuukuu?

Kwa kuwa kila mtu ana ruhusa ya kuifungasha Linux apendavyo, vifurushi ni vingi, na wingi huo huwatatiza wageni. Tutaje vitatu tu.

Debian ilianza mwaka wa 1993 na huandaliwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Ni imara sana. Toleo lake la 13 lilitoka Agosti 2025. Hapo pana jambo la kuangalia: toleo hilo halina tena kifungashio cha kuwekea kompyuta za zamani sana, zile za biti 32. Kama yenu ni ya namna hiyo, kweli umri wake umefika. Lakini nyingi zilizouzwa baada ya mwaka wa 2010 ni za biti 64.

Ubuntu ilitoka mwaka wa 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni lile lile neno letu utu. Imejengwa juu ya Debian. Kila baada ya miaka miwili hutoka toleo la kudumu, ambalo hutunzwa bure kwa miaka mitano.

Linux Mint ilianza mwaka wa 2006 na imejengwa juu ya Ubuntu. Kwa mtu aliyezoea Windows, hii ndiyo tunayopendekeza aanze nayo. Kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto, faili ziko katika mabweta yake, na saa iko pembeni. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na limeahidiwa kutunzwa hadi mwaka wa 2029. Linahitaji kumbukumbu ya RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazofanya kazi bila kukwama, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Mint ina sura tatu. Ile iitwayo Xfce ndiyo nyepesi kuliko zote, nayo inafaa kompyuta dhaifu.

Mkiwa na pesa kidogo, msikimbilie kununua kompyuta nzima. Kuongeza RAM, au kutoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya SSD, hubadilisha mwendo wa kompyuta kuukuu kiasi cha kushangaza.

Barua na hesabu je?

Wengi wakisema "kompyuta" wanamaanisha Word na Excel. Hizo ni za Microsoft na hazikutengenezewa Linux. Badala yake kuna LibreOffice, ambayo huja pamoja na Mint. Ndani yake mna Writer ya kuandikia barua, Calc ya hesabu, na Impress ya kuonyesha picha na maelezo mkutanoni.

LibreOffice ilizaliwa Septemba 2010, waandishi wengi wa programu iliyoitwa OpenOffice walipojitenga ili waiendeleze wenyewe chini ya wakfu ulioko Ujerumani. Kwa kuwa leseni ilikuwa huria, hakuna aliyeweza kuwazuia kuondoka na mbegu. Kwa kawaida toleo jipya hutoka mara mbili kwa mwaka. Na Kiswahili hakikuachwa nyuma: mwaka wa 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri OpenOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Mweka hazina hatapotea. Akiwa na michango ya wanachama katika safu ya C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 25, ataandika =SUM(C2:C25) na jumla itatokea, sawa kabisa na katika Excel. Faili za zamani za Word na Excel zitafunguka. Kikundi kinaweza pia kuhifadhi kazi zake kwa mtindo wa Excel ili ofisi nyingine zizisome.

Waliohama, na waliorudi

Je, ziko ofisi kubwa zilizothubutu? Ziko. Polisi wa Ufaransa waitwao Gendarmerie walianza kutumia OpenOffice mwaka wa 2005, na baadaye wakahamia Ubuntu kwa makumi ya maelfu ya kompyuta. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilitangaza Aprili 2024 kwamba kompyuta zake zipatazo 30,000 zitahamia LibreOffice, na baadaye Linux. Oktoba 2025 lilisema limemaliza kuhamisha barua pepe zake. Sababu yao si pesa tu. Hawakutaka kazi za serikali zitegemee uamuzi wa kampuni moja ya nchi nyingine.

Lakini tusifiche upande wa pili. Mji wa Munich, huko huko Ujerumani, uliamua mwaka wa 2003 kuhamia Linux, na ukahamisha kompyuta kama 15,000. Mwaka wa 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Wafanyakazi walikuwa wamelalamika kwamba faili kutoka nje hazifunguki sawasawa. Wengine walijibu kwamba tatizo halikuwa Linux bali jinsi ofisi zilivyopangwa. Vyovyote iwavyo, somo ni kwamba programu nzuri haitoshi kama watu wanaoitumia hawakuandaliwa.

Je, ni salama?

Kwa jumla virusi vingi vimeandikwa kushambulia Windows, kwa hivyo mtumiaji wa Linux husumbuliwa kidogo. Lakini msiambiwe kwamba haiingiliki. Sikieni yaliyotokea mwaka wa 2024.

Iko programu ndogo iitwayo XZ, ambayo kazi yake ni kubana faili ziwe ndogo. Inatumika karibu katika kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyekuwa amechoka. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa bidii kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa na kupewa funguo. Kumbe alikuwa na lake. Aliingiza mlango wa siri wa kupenyea katika kompyuta za watu. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika kompyuta fulani kulichelewa kama nusu sekunde. Hakupuuza. Alifuatilia maandishi ya ndani mpaka akaukuta huo mlango, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Ulizibwa kabla haujafika katika matoleo ya kudumu ya vifurushi vikubwa.

Tunajifunza mambo mawili. Daftari likiwa wazi, mtu yeyote mwenye macho anaweza kugundua wizi. Lakini daftari wazi ambalo mzigo wake wote ameachiwa mtu mmoja ni hatari pia. Vikundi vyetu vinalijua hilo bila hata kuwa na kompyuta.

Taabu mtakazokutana nazo

Printa nyingine, hasa za bei nafuu, hukataa kusikilizana na Linux. Ijaribuni kwanza. Faili za Excel zilizoandikiwa amri maalum ndani yake huenda zisifanye kazi vizuri katika Calc. Kama mfadhili au ofisi fulani huwapa fomu za namna hiyo, ulizeni kama watakubali nyingine. Barua iliyopambwa sana katika Word inaweza kusogea mistari. Mkitaka ifike ilivyo, itumeni kwa mtindo wa PDF, ambao LibreOffice hutengeneza yenyewe. Kijana aliyefundishwa chuoni kwa Word na Excel atalalamika wiki za kwanza. Na mafundi wa Linux vijijini ni wachache, kwa hivyo ni vizuri wanachama wawili wajifunze, si mmoja.

Hatua za kufuata

1. Anzeni na LibreOffice mkiwa bado katika Windows 10. Iwekeni, fanyeni nayo hesabu za miezi miwili mitatu. Ikiwashinda, hamjapoteza kitu.

2. Fanyeni kopi mbili za faili zote za kikundi katika fleshi mbili tofauti, zikae kwa watu wawili tofauti. Fungueni kila fleshi katika kompyuta nyingine mhakikishe faili zinasomeka. Hatua hii msiiruke hata kidogo.

3. Pakueni Linux Mint. Ina ukubwa wa kama GB 3, kwa hivyo tafuteni mahali penye intaneti ya bei nafuu. Kikundi kimoja kikiipakua kinaweza kuwagawia vingine kumi, na sheria inaruhusu.

4. Mwombeni fundi aiandike kwenye fleshi tupu ya GB 8 kwa programu kama Rufus. Kunakili tu hakutoshi. Kila kilichokuwa katika fleshi hiyo kitafutika.

5. Washeni kompyuta fleshi ikiwa ndani. Kwa Dell na Lenovo nyingi mtabonyeza F12, kwa HP nyingi ni Esc au F9, kisha mchague fleshi. Mint itaamka kutoka kwenye fleshi yenyewe bila kugusa diski. Jaribuni printa, intaneti, sauti, na mfungue daftari la hesabu.

6. Mkiridhika, ndipo muiweke kwenye diski. Inaweza kukaa pamoja na Windows, mkawa mnachagua mkiwasha, au ikachukua diski yote. Ikichukua yote, kila kitu cha zamani kinafutika. Ndiyo maana tulisisitiza hatua ya 2.

7. Kila ikisema ina marekebisho mapya, yakubalini. Mfumo usiorekebishwa, hata uwe huria, mwisho wake ni kama Windows 10.

Jambo hili si la katibu peke yake kuamua. Lileteni katika mkutano wenu ujao, na mjibu maswali matatu. Kompyuta yetu inafanya kazi gani hasa, na ni ipi kati ya hizo haiwezekani bila Windows? Ni wanachama gani wawili watajifunza na kuwafundisha wengine? Na kopi za faili zetu ziko wapi leo, kwa nani? Swali la tatu lijibuni kwanza, maana lina uzito hata kwa kikundi kitakachoamua kununua kompyuta mpya.